Kibuyu Kisichokuwa Kwenye Fomu

Nilimpa alama 85 kati ya 100. Ninazikumbuka kwa sababu niliziandika kwa mkono wangu, nikapiga mstari chini yake, na pembeni nikaongeza neno moja: anajitegemea. Kisha nikamwambia mwanawe amrudishe mama nyumbani, Ziwa, na wakija tena kliniki waje kuangalia presha tu.

Fani yangu ni tiba ya kazi. Wengine huiita tiba ya shughuli. Sisi wenyewe hospitalini tunajiita OT, na wagonjwa wengi hutuita watu wa mazoezi. Mtu akikatiwa shughuli zake za kila siku na ugonjwa, ajali au ulemavu, sisi ndio tunaokaa naye kutafuta namna ya kuzirudia, au njia nyingine ya kuzifanya. Siku ile mbele yangu aliketi bibi wa umri wa nyanya yangu, aliyepatwa na kiharusi miezi minne kabla. Mkono wake wa kulia ulikuwa umelegea na vidole havishiki. Hata hivyo alikula mwenyewe kwa mkono wa kushoto, alioga mwenyewe, alitembea kwa mkongojo. Nilifurahi. Niliona kazi yangu imezaa matunda.

Fomu niliyoijaza ilikuwa kipimo cha Barthel, kilichochapishwa Marekani mwaka 1965. Kina vipengele 10, na hadi leo ni miongoni mwa vipimo vinavyotumika sana duniani kwa wagonjwa wa kiharusi. Kinauliza kuhusu kula, kuoga, kuvaa, haja ndogo na kubwa, kutoka kitandani hadi kitini, kutembea. Na kinauliza kuhusu kupanda ngazi. Nilipofika hapo bibi alinitazama asielewe, kwa kuwa nyumba yake, kama nyumba nyingi za kwetu, imekaa chini juu ya ardhi na haina ngazi hata moja. Sikujua niandike nini, nikaandika 0. Alama 10 zikapotea kwa ngazi ambazo hakuwahi kuwa nazo, na 5 nyingine kwa vifungo vya sweta vilivyomshinda. Zilizobaki zilitosha kumtoa mikononi mwangu.

Mgeni akisikia jina Ziwa hutarajia maji. Akishuka matatu kutoka Eldoret atakachokiona ni mahindi, mashamba kwa mashamba, na ngano, na ng'ombe wa maziwa nyuma ya seng'enge. Huko Soy, katika kaunti ya Uasin Gishu, ndiko nilikozaliwa, na ndiko nilikokwenda likizo mwishoni mwa mwaka ule, wakati wa kuvuna. Boma la bibi halikuwa mbali na letu. Nilipita kumjulia hali nikitarajia kushukuriwa.

Nilimkuta ameegemea ukuta wa jikoni, juani, mkono wa kulia umelala mapajani kama mzigo wa mtu mwingine.

"Chamgei, kogo," nilimwamkia.

"Chamgei, mwanangu."

Mjukuu wake akaniletea chai. Tulizungumza habari za mvua na bei ya mahindi. Baada ya kimya kirefu akasema, "Wewe uliandika kwamba nimepona." Hakusema kwa hasira. Akainua mkongojo, akaelekeza juu, chini ya paa la jiko. Vibuyu vitano vilikuwa vimening'inia, vikavu, na kimoja kimejifunga utando wa buibui mdomoni.

Asiyetoka kwetu huenda hajui kibuyu kile, tunachokiita sotet, kina uzito gani. Ndicho kinachotengenezewa mursik, maziwa yetu ya kugandisha. Mwanariadha wetu akirudi na ushindi, watu humpokea kwa mursik uwanja wa ndege wa Eldoret. Mchumba akija kujitambulisha, mgeni akibisha hodi, mtoto akianza kushika kikombe, ni mursik. Kuitengeneza ni kazi ya ustadi. Mti wa senetwet huchomwa hadi uwe kaa la moto. Kaa linaingizwa ndani ya kibuyu kilichosafishwa, linapondwa na kusuguliwa kwenye kuta zake kwa sosiot, ufito mrefu wenye nyuzi nyuzi nchani, hadi ndani pawe peusi sawasawa. Ndipo maziwa yaliyochemshwa na kupoa yanamiminwa, kibuyu kinafunikwa, kinaachwa siku kadhaa. Mkono mmoja unashika kibuyu na kukizungusha, mwingine unasugua. Bibi alikuwa na mkono mmoja. Tangu augue, maziwa yote ya boma lile yalikuwa yakiuzwa kwa mchuuzi kila asubuhi, na wageni walikuwa wakipewa chai.

Akaniambia maneno ambayo nimeyabeba hadi leo: "Mnauliza kama ninaweza kula. Hakuna aliyeniuliza kama ninaweza kulisha."

Likizo yangu iliishia kwenye jiko lile. Tulijaribu kukibana kibuyu kwa magoti, kikateleza. Tukakiegemeza ukutani, kikabingirika. Siku ya tatu nikamwona mjukuu akiingia na ndoo ya maji kichwani, na chini ya ndoo ngata ya kitambaa iliyosokotwa. Nikamwomba ile ngata. Tukasokota nyingine kubwa kwa gunia la mahindi, tukaiweka juu ya kigoda kifupi mbele ya bibi, kibuyu kikakaa ndani yake kama yai kwenye kiota. Mkono wa kulia, ambao sote tulikuwa tumeshauhesabu kuwa haufai, tukaulaza juu ya shingo ya kibuyu ukandamize kwa uzito wake tu. Mjukuu akashughulika na moto. Bibi akashika sosiot kwa mkono wa kushoto. Mara ya kwanza kaa likamwagika nje. Mara ya pili alisugua polepole, ulimi umetokeza kidogo pembeni mwa mdomo kama mtoto anayejifunza kuandika, na sauti ya ufito ndani ya kibuyu ikajaa jikoni. Hakuna aliyesema neno.

Kwenye fomu yangu, kazi ile yote isingemwongezea hata alama moja. Alikuwa na 85 kabla, na angebaki na 85 baadaye.

Watu huniuliza kwa nini nilisoma hadi shahada ya uzamivu katika fani ambayo stashahada ingetosha kunipa ajira. Jibu langu huanzia kwenye ngata ile. Nilijua kilichotokea jikoni ni tiba, tena ndiyo tiba yenyewe. Sikuwa na lugha ya kuieleza mbele ya daktari mkuu, wala ushahidi wa kumshawishi anayepanga bajeti. Kilichokosa mahali kwenye fomu kilikosa mahali kwenye ripoti, na kilichokosa kwenye ripoti hakikupewa muda, nauli wala mtu.

Ilinisaidia kujua historia. Chama cha kwanza cha fani yetu kiliundwa Machi 1917 katika mji wa Clifton Springs, jimbo la New York, na kikundi kidogo cha watu walioamini kwamba shughuli yenye maana humponya binadamu. Mwaka huohuo wa 1917 ndipo hospitali yetu kubwa ya Eldoret, ambayo leo ni Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, ilipoanza ikiwa hospitali ndogo ya vitanda 60. Mambo haya mawili yaliishi kila moja kivyake kwa miongo mingi. Shirikisho la dunia la fani hii liliundwa mwaka 1952. Kwetu Kenya mafunzo yalianza Nairobi baadaye, katika chuo cha mafunzo ya utabibu, KMTC, nilikosomea mimi. Vitabu tulivyopewa vilikuwa vya Uingereza na Marekani, na mgonjwa wa ndani yake alikuwa anajifunza upya kupaka siagi kwenye mkate na kuingia kwenye bafu la kulala. Tulivisoma kwa bidii, tukafaulu mitihani. Kisha tukarudi kwa watu wanaosonga ugali kwa mikono miwili na kuchuchumaa chooni.

Mwaka 2014 mambo mawili yalinisukuma. Bunge lilipitisha sheria ya mafunzo, usajili na leseni za wataalamu wa tiba ya kazi, na fani ikapata baraza lake. Mwaka huohuo Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ilitoa kanuni zinazotaka mhadhiri wa chuo kikuu awe na shahada ya uzamivu. Niliiweka sheria hiyo pamoja na kanuni hizo nikaona pengo: tukitaka watoto wetu wasomee fani hii shahada ya kwanza hapa nyumbani, lazima wawepo wa kuwafundisha, na wa kuwafundisha lazima wazamie. Mtu lazima aanze. Nilikuwa nimeshajiongezea shahada ya kwanza na ya uzamili, darasa la jioni baada ya darasa la jioni. Nikaomba nafasi katika chuo kimoja cha Afrika Kusini, nchi ambayo fani yetu ina mizizi mirefu; Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, kilianza kuifundisha mwaka 1943. Niliruhusiwa kufanya utafiti wangu nyumbani na kusafiri mara chache.

Pendekezo langu la kwanza lilikataliwa. Lilikuwa zuri machoni pangu: nilitaka kuchukua kipimo kinachojulikana, nikitafsiri, nikijaribu kwa wagonjwa wengi, nihesabu, nithibitishe. Msimamizi wangu alilirudisha na swali moja tu pambizoni: "Nani aliomba jambo hili?" Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nilikubali kwamba hakuna mtu Ziwa aliyeniomba kutafsiri fomu. Bibi aliniomba kitu kingine, nami nilikuwa nimekificha chini ya hesabu kwa kuogopa kwamba kibuyu hakina hadhi ya uzamivu.

Nikaandika upya. Swali langu likawa: watu wa Ziwa waliopatwa na kiharusi wanajuaje kwamba wamepona? Nikapita kamati ya maadili ya utafiti, nikapata kibali cha NACOSTI, tume ya taifa inayoruhusu utafiti, nikanunua kinasa sauti na gambuti za matope, nikaanza kutembea boma kwa boma.

Katika kusoma nilipata wenzangu ambao sijawahi kukutana nao. Wakanada walikuwa wametoa mwaka 1991 kipimo ambacho mgonjwa mwenyewe hutaja shughuli anazozithamini, kisha huzipa alama kutoka 1 hadi 10. Nilidhani nimepata dawa. Nilipompelekea bibi, alizitaja shughuli zake vizuri, lakini nilipomwomba namba alinyamaza, kisha akaniuliza, "Na wewe mtoto wako unampa ngapi?" Nikasoma kuhusu Wajapani walioona kwamba nadharia za Magharibi haziwakai vizuri, wakatengeneza yao iitwayo Kawa, yaani mto, ambayo Michael Iwama aliichapishia kitabu mwaka 2006: maisha ni mto, mawe ndani yake ni matatizo, na kingo ni mazingira na watu wanaotuzunguka. Nikamsoma Elelwani Ramugondo wa Chuo Kikuu cha Cape Town, anayefundisha kwamba shughuli ndogo za kila siku zinaweza kuendeleza utawala wa wengine juu yetu au kuupinga. Usiku mmoja, stima imepotea na mshumaa umebaki kidole kimoja, nilimwelewa: kila nilipoandika 0 kwenye ngazi nilikuwa nimekubali kwamba nyumba ya kweli ni ya mtu mwingine.

Sitaficha gharama. Mkopo wa sacco uliniandama miaka. Ng'ombe wawili wa baba waliuzwa. Majirani walichanga, na mwalimu wangu wa shule ya msingi, mstaafu, alileta bahasha yenye noti zilizokunjwa mara nne. Binti yangu alijifunza mapema kwamba mlango ukifungwa mama anaandika, na siku moja nilimsikia akimwambia mwenzake wasinigongee. Maneno hayo yaliniuma. Tangu siku hiyo niliandika alfajiri kabla hajaamka, na jioni mlango ukawa wazi. Tasnifu ilichelewa. Sijutii.

Mwaka wa tatu nilirudi kwa watu niliowahoji kuwasomea nilichoandika juu yao. Ni desturi ya utafiti wa aina hii: mwenye maneno ndiye hakimu wa mwisho. Kwa bibi nilijiamini kabisa. Nilimsomea ukurasa wangu sentensi kwa sentensi, naye akitikisa kichwa kukubali, hadi nilipofika mahali nilipoandika kwamba kwa kurudi kwenye vibuyu vyake alikuwa amepata tena kujitegemea.

Akaninyooshea kiganja cha kushoto, niache.

"Hilo siyo. Anayejitegemea ni mtu asiye na watu. Mimi nataka watu wanitegemee."

Nilibaki na karatasi mkononi. Kujitegemea ni neno lenye heshima kubwa katika Kiswahili. Tangu Azimio la Arusha la 1967 limebeba ndoto za mataifa. Katika fani yangu ndilo lengo la karibu kila mpango wa tiba. Na bado, baada ya ngata, baada ya vitabu, baada ya miaka mitatu ya kujiita msikilizaji wa Ziwa, nilikuwa nimeliandika neno lilelile nililoliandika kwenye fomu ya kwanza. Bibi alilikosoa kwa kubadilisha umbo la kitenzi. Kujitegemea, kutegemewa. Kula, kulisha. Lugha yetu ilikuwa na nadharia niliyokuwa nikiitafuta nje, imekaa ndani ya viambishi.

Nilirudi kwenye mahojiano yote na sikio jipya. Fundi seremala hakulilia mkono, alililia kijana aliyekuwa akimfundisha. Mama muuza mboga aliyekuwa anaweza kuvaa na kuoga alijiita mzigo, kwa sababu mafungu ya sukuma yalipangwa sasa na dada yake. Mzee mmoja, ambaye kwa kipimo chochote alikuwa na hali mbaya, asiyeweza kusimama bila kushikwa, aliniambia yu mzima: vijana bado walikuja kuketi karibu na kitanda chake awaamulie kesi za mipaka. Sura ya mwisho ya tasnifu ilijiandika.

Siku ya utetezi, mtahini mmoja aliuliza kwa upole: "Huko kutegemewa, unaweza kukupima?" Zamani ningetafuta namba. Nilimjibu kwamba bado siwezi kukupima, ila naweza kukuuliza, na kwamba tiba isiyouliza itaendelea kuwatoa watu hospitalini na alama 85 wakakae ukutani. Aliandika kitu kwenye daftari lake. Walinipitisha kwa masahihisho madogo.

Kwa vijana wanaoniandikia wakitaka kufuata njia hii, nina machache ya kusema. Kwanza, jueni kwamba uzamivu si wa aina moja. Marekani wengi husomea udaktari wa utendaji, unaomwandaa mtu kuhudumia wagonjwa. Kulikuwa na mpango kwamba ifikapo 2027 kila anayeingia fani awe nao, lakini uliachwa, na shahada ya uzamili bado inakubalika. Uzamivu wa utafiti ni kitu kingine: unakupa miaka kadhaa na swali moja. Chagueni mnachokihitaji, msichague jina.

Pili, msiende na swali la kuazima. Mtakapochoka, na mtachoka, swali la kuazima halitawaamsha alfajiri. Langu liliniamsha kwa sababu lilikuwa na sauti ya ufito ndani ya kibuyu.

Tatu, rudini na karatasi zenu kwa watu mnaowaandika. Kosa langu kubwa kuliko yote halikuonwa na msimamizi wala na mashine ya takwimu. Lilionwa na bibi asiyesoma, ukurasa ukisomwa kwa sauti.

Na nne, msiamini kwamba shahada hii hupatikana kwa kujitegemea. Yangu ina ng'ombe wawili ndani yake, bahasha ya mwalimu, usingizi wa mume wangu, subira ya mtoto. Ndiyo maana sikuweza kuitundika ukutani na kuondoka. Walioichangia wananitegemea.

Sasa ninafundisha, na siku moja kwa wiki ninaona wagonjwa. Kipimo cha Barthel bado ninakitumia. Ni kipimo kizuri kwa kile kinachokiona. Ila kwenye ngazi, kama mtu hana ngazi, ninawafundisha wanafunzi waandike hivyo wazi. Na chini kabisa ya fomu nimeongeza mstari mmoja, nilioujaribu kwa Kiswahili na kwa Kikalenjini hadi ukaeleweka bila maelezo: Nani anakutegemea, na kwa jambo gani?

Wiki iliyopita aliketi mbele yangu kijana wa Ziwa aliyeanguka na pikipiki, mkono wa kushoto umekufa ganzi kuanzia begani. Alijibu maswali mengine yote akiwa ametazama sakafu. Nilipofika kwenye mstari ule aliinua uso, akafikiri kwa muda.

"Ng'ombe wawili," akasema. "Na mama."

Nikamwomba anionyeshe anavyokaa akikamua.